Maswali yenu: operesheni ya unene ng'ambo, na nani atakuangalia ukirudi Lamu

Assalam aleikum wasomaji wangu. Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, kwenda nje kukatwa tumbo ili mtu apungue, wengine Uturuki, wengine India, na karibu kila barua ina ajenti ndani yake. Nimeona niziweke pamoja kwa sababu majibu yanashikana. Mimi nimekaa wodi ya upasuaji huku pwani miaka mingi, nimewapokea waliorudi wakiwa wazima na waliorudi wakiwa hoi, kwa iyo nitasema ninachokijua wazi wazi na mtanisamehe pale nitakapokuwa mkali.

SWALI: Salaam aleikum dadangu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Langoni, Lamu. Miaka 41, kilo 128, urefu sentimita 158. Sukari ninayo, natumia vidonge na insulini ya usiku, presha pia iko, na magoti yamenishinda kabisa, ngazi za nyumbani nazipanda nikikaa kila kituo. Dadangu yuko Dubai amesema atalipa yeye. Kuna ajenti kwa wasap ametutumia pakeji ya Istanbul dola 3,200, kila kitu ndani, eapoti wanakupokea, hoteli, operesheni ya slivu, siku ya sita warudi nyumbani. Ataka nusu ya pesa wiki hii asema bei itapanda. Mume wangu aogopa, na mamangu alia kila siku asema waenda kufia nchi za watu. Nambie ukweli, nende nisende? – Mama wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kwanza nikutue mzigo mmoja, wewe si mtu wa kuambiwa "punguza wali wa nazi utakonda". Nimechukua kilo zako nikagawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, hiyo ndo wanaita BMI, nikapata 51. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa unene vilisema mtu wa 35 kwenda juu anafaa kufikiriwa operesheni hata kama hana ugonjwa mwingine, na mwenye sukari hata akiwa 30. Mwongozo wa zamani wa 1991 ulikuwa mgumu zaidi, ulitaka 40, au 35 na ugonjwa juu yake, na huo pia umeupita. Kule Sweden waliwafuata watu wapatao 2,000 waliofanyiwa na wengine kama hao wasiofanyiwa, kazi walioanza 1987, na wale waliofanyiwa walikufa wachache kuliko wenzao, na wengi wenye sukari ikashuka. Kwa iyo mamako mwambie kwa upole kwamba hili si jambo la urembo, ni matibabu, na kukaa na kilo 128 na sukari na presha nako kuna hatari yake kila siku.

Sasa slivu yenyewe. Wanatoboa matundu madogo tumboni wanaingiza kamera, wanakata karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi kidogo, wanaitoa nje, kinachobaki ni kama ndizi, na ule ukingo wote wanaufunga kwa stepla. Iliyotolewa hairudi. Baipasi ni tofauti, pale wanatengeneza kifuko kidogo juu halafu wanakiunga na utumbo chini, chakula kinaruka sehemu ya njia. Kwa mwenye sukari kama wewe, na hasa kama una kiungulia kikali, baipasi mara nyingi huwa bora, manake slivu yaweza kuzidisha kiungulia. Ajenti amekuuliza habari ya kiungulia? Amekuuliza insulini unapiga ngapi? Kama amekuchagulia slivu kabla ya daktari yeyote kukuona basi jua aliyechagua ni mfanyabiashara.

Na usiende ukidhani utarudi na kilo 60. Slivu kwa wastani hupunguza kama robo ya uzito wako kwa mwaka mmoja miwili, baipasi kidogo zaidi ya hapo. Kwako ni kama kilo 32, utafika tisini na kitu. Kwa magoti yako na sukari yako hizo kilo 32 ni jambo kubwa mno, lakini nataka ulijue kabla dadako hajatoa pesa.

Haya, tuje kwenye ile "siku ya sita warudi nyumbani", kwa sababu hapo ndo roho yangu inakataa. Ule ukingo wa stepla unaweza kuvuja. Si kwa wengi, ila ukivuja ni dharura ya kufa na kupona, na kuvuja mara nyingi hutokea ndani ya wiki mbili za mwanzo na wakati mwengine huchelewa zaidi ya hapo. Yaani pakeji inakwisha na wewe bado uko katikati ya hatari. Sasa niwekee picha hii, siku ya tisa usiku uko Langoni, homa imeingia, tumbo lauma na maumivu yapanda bega la kushoto, mtu anayekuhitaji ni mpasuaji na CT skani. Ushuke mpaka gatini, boti mpaka Mokowe, kisha gari upite Witu na Garsen uje Malindi au ushuke Mombasa kabisa, na yule aliyekukata yuko Istanbul simu haishiki. Daktari utakayemkuta hajui alikukata vipi, hana ripoti, na pengine umebeba karatasi za Kituruki. Mwaka 2023 BBC walichunguza wakakuta Waingereza saba waliokwenda Uturuki kwa operesheni hizi wakafariki, na wale kwao wana hospitali kila mtaa. Sisemi Uturuki hakuna madaktari wazuri, wapo na wengi. Nasema umbali ni sehemu ya operesheni na hakuna aliyekuandikia kwenye pakeji.

Halafu kuna damu kuganda. Mtu mnene akifanyiwa operesheni ya tumbo halafu akaketi kitini kwa masaa, damu yaweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni. Istanbul mpaka Nairobi peke yake si chini ya masaa sita, ongeza kungoja, ongeza safari ya huku. Shirika la afya la Marekani, CDC, wasema baada ya operesheni ya tumbo ngoja angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege. Siku sita si kumi. Wewe kwa uzito wako mimi ningetaka wiki tatu, na mtu wako wa kukushika mkono, na zile sindano ndogo za kuzuia kuganda uambiwe wazi unaendelea nazo mpaka lini, na kwenye ndege usimame utembee kila saa.

Ukinuliza mimi ningefanya nini kama ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningeanza Nairobi. Wapo wapasuaji Nairobi wanaofanya slivu na baipasi, jina la daktari unalitafuta kwenye orodha ya baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, unamuona ana kwa ana kabla hujatoa shilingi, unazungumza nae kwa lugha yako, na likitokea jambo wiki ya tatu au mwezi wa tano ni ndege ya saa moja na kitu kutoka Manda. Inaweza kuwa ghali kuliko hiyo dola 3,200, lakini hesabu tiketi mbili, hoteli ya wiki tatu, na dharura moja, halafu ulinganishe tena.

Ikiwa familia imeshaamua ni ng'ambo basi mtume dadako amuulize ajenti maswali haya na majibu yaje kwa maandishi. Jina kamili la mpasuaji atakayenikata, si jina la kliniki. Hospitali ina chumba cha mahututi ndani au wanampeleka mtu kwengine. Nikivuja nikiwa bado huko nani analipa siku za ziada, na nikivuja nikisharudi Lamu je. Hospitali na huyo ajenti wana kibali cha wizara ya afya ya Uturuki cha kuhudumia wagonjwa wa nje, manake kibali hicho kipo na kinatakikana. Mkalimani atakuwepo nikisaini ile karatasi ya ridhaa. Ajenti mwenye kazi ya kweli hujibu. Anayekwambia lipa wiki hii bei itapanda, dadangu, operesheni si dera la mnada, huyo muache.

Na kabla hujaondoka, nenda kwa daktari wako wa sukari hapo hospitali ya King Fahd umwambie kila kitu. Najua wengi mnaficha mkiogopa kukaripiwa. Usifiche! Baada ya operesheni hii sukari hushuka haraka sana, kabla hata kilo hazijashuka, na ukiendelea kupiga insulini ileile ya usiku huku wala vijiko vitatu vya supu utaanguka na sukari ya chini ukiwa usingizini. Dozi lazima ipunguzwe na mtu anaekujua, na mashini ya kupima sukari iwe kitandani. Presha nayo hivohivo, yaweza kushuka dawa zikawa nyingi. Muombe pia daktari huyo, au mpasuaji Malindi au Mombasa, akubali kabisa kwamba ukirudi yeye ndo atakushika. Ukikosa hata mmoja wa kukubali basi safari hiyo haijaiva.

Mfundishe mtoto wako mkubwa kukuhesabia mapigo ya moyo. Vidole viwili hapa kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, saa mkononi, dakika nzima, ukiwa umekaa umetulia. Yakipita 120 na hayashuki, hata kama homa hakuna, hata kama wajihisi uko sawa tu, huo usiku si wa kulala nyumbani. Moyo kwenda mbio ndo dalili inayotangulia mara nyingi na ndo inayopuuzwa, watu husema ni uchovu wa safari. Wiki za mwanzo mpime asubuhi na jioni aandike kwenye daftari.

Mengine kwa haraka, vitamini ni za maisha yote, B12, chuma, vitamini D na kalsiamu, na damu upimwe mwezi wa tatu baada ya operesheni, wa sita, wa kumi na mbili halafu kila mwaka. Nywele zitapuputika miezi ya mwanzo, zitarudi ukila protini ya kutosha, na protini kwetu si tabu, samaki upo. Mimba ujikinge mwaka na nusu, na ujue uzito ukishuka mimba huingia kwa urahisi hata kwa aliyekuwa haoni siku zake sawa, na ukifanyiwa baipasi usitegemee vidonge peke yake. Vidonge vya maumivu vya dukani, diclofenac na ibuprofen, usiviguse, hasa kwa baipasi, vinaleta vidonda vya tumbo, kwa iyo hayo magoti tafuta dawa nyengine na daktari. Mume wako muoneshe barua hii yote. Hofu yake ina haki, na ndie atakaekushika ngazini.

SWALI: Bi mkubwa, mke wangu alirudi kutoka ng'ambo wiki ya sita sasa, alifanyiwa ya tumbo. Kila kitu atapika, hata maji. Ajenti asema ni kawaida ndo anapungua. Tangu juzi atembea akiyumba kama mtu yumo chomboni, asema aniona wawili wawili, na jana aliniita jina la kakake. – Mume, Barani, Malindi

JIBU: Huyu kakangu nilimpigia simu saa ileile sikungoja gazeti, na usiku huo mkewe alipelekwa hospitali. Naliweka hapa kwa ajili ya wengine. Kutapika siku nyingi baada ya operesheni hii si "ndo anapungua". Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini B1, thiamini, wiki chache za kutapika yaweza kwisha, na ikiisha ubongo ndo unaoumia, macho yanaona viwili, mtu anayumba, anachanganya mambo. Ni dharura. Ukichelewa kumbukumbu yaweza isirudi.

Na mkifika hospitali semeni kwa sauti, "alikatwa tumbo, ametapika wiki kadhaa, tunaogopa thiamini". Sababu ni hii, kwetu mgonjwa aliyeishiwa maji jambo la kwanza ni dripu, na dripu ya glukosi kabla ya thiamini yaweza kuzidisha madhara. Thiamini ya mshipani itangulie au ziende pamoja. Si kila zamu ina mtu aliyewahi kumuona mgonjwa wa namna hii, wala si lawama kwa wauguzi wenzangu, ni ugonjwa mgeni huku, kwa iyo nyinyi ndo mubebe habari. Baada ya hapo watazame kwa nini anatapika, huenda mfuko umebana mahali, na hilo hutazamwa kwa endoskopi, kamera inayopitishwa mdomoni.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni dereva, Malindi, kilo 140, nataka India kwa sababu jirani alikwenda kwa moyo akapona. Nianzie wapi, na je lile puto la tumboni si rahisi zaidi kuliko kukatwa? – Dereva wa Ngala

JIBU: Marahaba mwanangu. India ina uzuri wake, Kiingereza kinapita, madaktari wamezoea wagonjwa wa Afrika Mashariki, na viza ya matibabu unaomba kwa mtandao na mwenzako wa kukusindikiza ana viza yake. Usiende na viza ya utalii ukafanyiwa operesheni. Na kadi ya homa ya manjano uipate mapema, India wanaidai kwa anayetoka Kenya, chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia, nimeona mtu amelipa hospitali kila kitu akakumbuka kadi siku mbili kabla ya ndege. Hospitali uliza kama ina cheti cha NABH, ndo cha ubora cha kwao, au JCI cha kimataifa.

Puto linaingizwa kwa mdomo, halikati kitu, linajazwa maji na kukaa kama miezi sita halafu LAZIMA litolewe. Hilo neno lazima nalirudia kwa sababu wengine wakishapungua hawarudi kulitoa, na puto likipasuka likashuka laweza kuziba utumbo. Uzito unaopungua ni mdogo kuliko wa operesheni na kwa wengi hurudi. Kwa kilo 140 mimi siliungi mkono kama tiba peke yake, labda kama daktari anataka upungue kwanza ili operesheni iwe salama. Na sigara kama wavuta, uache wiki nyingi kabla, kidonda cha mvutaji hakiponi vizuri. Jiulize pia kama unakoroma na kusinzia mchana ukiwa na usukani mkononi, hiyo ni pumzi kukatika usingizini, daktari wa ganzi lazima alijue.

SWALI: Nimefanyiwa slivu miezi minne, namshukuru Mola nimepungua. Ramadhani yaja. Nyumbani wasema nikifungua wataona haya. Nifunge? – Kijana wa Shela

JIBU: Mwanangu, wewe mfuko wako haumezi bilauri nzima kwa mara moja. Maji unayohitaji, kama lita moja na nusu, unayapata kwa kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, na tena si pamoja na chakula, unaacha kama nusu saa. Sasa uyafinye yote kati ya magharibi na alfajiri, na protini hapohapo, na kaimati zimewekwa mbele yako, haiendi. Utaishiwa maji, na kuishiwa maji ndo kunakorudisha watu wodini. Madaktari wengi wa fani hii hushauri usifunge mwaka wa kwanza. Aya ya saumu yenyewe, Baqara 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyengine, basi nenda kwa sheikh wako na karatasi ya daktari mkononi upate jibu la dini kwa mwenye elimu yake. Nyumbani waambie sheikh alivosema, wataelewa upesi kuliko ukiwaambia mimi.

SWALI: Harusi yangu miezi mitatu. Nina kilo 70, urefu 160. Ajenti asema kwa slivu sifai lakini nikifika Istanbul nitapigwa sindano ya botoksi tumboni, nusu saa tu, njaa yakatika. Ni salama? – Bi harusi, Malindi

JIBU: Hapana mwanangu. BMI yako ni 27. Huna haja ya kukatwa wala kudungwa. Na sindano hiyo, mwaka 2023 makumi ya watu, wakiwemo wengine kutoka Ujerumani, waliugua botulizimu baada ya kudungwa hiyo botoksi ya tumboni Istanbul na Izmir, ni sumu inayolegeza misuli, mtu anashindwa kumeza, kope zinaanguka, wengine wakafika kwenye mashini ya kupumulia. Kwa miezi mitatu soda na juisi za sukari uache, mahamri yawe ya Ijumaa, utembee ufukweni kila alfajiri na shoga yako, utapungua kilo chache kwa usalama na dera litakaa. Ajenti akitaka deposit usiitume, na kama umeshatuma nambari yake ya M-Pesa ipeleke polisi.